Aliyeshika Kamba

Siku zile za Likoni kila mtu alikuwa mzamiaji. Gari lilikuwa limeteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na binti yake mdogo ndani. Mpaka lilipotolewa Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba, hapakuwa na kijiwe cha kahawa wala matatu iliyokosa jibu. Wanangoja nini? Si wapelekwe vijana wa Mtongwe, wamalize kazi kwa nusu saa? Wanajeshi hawa wanaogopa maji? Watu walijaa ukingoni mwa kivuko na simu zao, na kila boti iliporudi mikono mitupu waliguna. Nami niliguna, mbele ya televisheni, kikombe cha chai mkononi.

Gari lile lilikuwa limekaa mita 58 chini, pima thelathini na mbili hivi kwa hesabu ya mabaharia wa zamani. Kila mita kumi za maji huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kule mzamiaji anabanwa karibu mara saba ya tunavyobanwa mimi nawe. Hewa anayoivuta nayo imebanwa vivyo hivyo: mtungi ambao huku juu ungemtosha saa nzima, kule unaisha kabla ya dakika kumi. Naitrojeni, ambayo tunaivuta na kuitoa bila hata kujua kwamba ipo, kuanzia mita thelathini hivi humlevya mtu kama pombe. Wapo wanaocheka peke yao, wapo wanaosahau walichotumwa. Nchi kadhaa zenye sheria za kazi hii zimeweka mita 50 kuwa mwisho wa kufanya kazi kwa hewa ya kawaida. Ongeza mkondo wa Likoni, ambao hutulia kidogo tu maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Ongeza giza na tope. Ongeza feri ambazo mji hauwezi kuishi bila hizo. Tulichokiita woga kilikuwa hesabu, na waliokuwa wakiipiga waliipiga huku taifa zima likiwazomea.

Tangu hapo nina imani moja ambayo si tamu kuisema mbele ya wapenzi wa hadithi za ushujaa. Mzamiaji wa kazi akifa, mara nyingi kifo chake kimeandaliwa juu, kwenye sitaha, gatini au ofisini, kabla hajalowa hata unyayo. Bahari humalizia tu.

Neno lenyewe limetuponyoka, nadhani. Ukitaja mzamiaji mjini Dar es Salaam, watu wanamfikiria kijana aliyejificha ndani ya meli akaibukia Ugiriki, au yule anayekula pilau la harusi asiyoalikwa. Yule anayeshuka na msumeno wa chuma kukata kamba iliyojisokota kwenye rafadha, anayesugua tumbo la meli, anayekagua nguzo za gati au chujio la maji ya mtambo, hana jina lake peke yake. Na asiye na jina ni vigumu kumtungia kanuni. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa: Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, intaneti yetu inapita sakafuni mwa bahari, na kila gati tunalolizindua kwa ngoma na utepe litahitaji mtu wa kwenda kulitazama chini kwa miaka yote litakayosimama.

Mzee mmoja wa kaskazini mwa Unguja ndiye aliyenifundisha upande mwingine wa hesabu ile. Ujanani alikuwa akizamia majongoo bahari, wale wanaokaushwa na kupelekwa Mashariki ya Mbali, ambako ni chakula cha heshima. Sisi wenyewe hatuwali, na nadhani ndiyo maana hatujali sana wanapatikanaje. Mwenye chombo alikuwa akilipa kwa idadi. Walipokwisha kwenye maji mafupi walifuatwa kwenye maji marefu, na mzee anasema kuna siku alimaliza mitungi mitano, mmoja baada ya mwingine, akipumzika muda wa kuvuta sigara tu. Siku moja alipanda akiwa na maumivu mabegani. Kufika pwani ganzi ilikuwa imeshuka kiunoni. Nyumbani wakasema amepigwa na upepo. Akanyweshwa kombe, akachuliwa mafuta, akafukizwa. Alipofika mbele ya mtu anayejua ugonjwa wenyewe, wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Leo anatembea kwa magongo mawili.

“Mwanangu,” aliniambia, “pumzi ninayo mpaka leo. Miguu ndiyo iliyonikataa.”

Kilichompata kinaelezeka bila jini. Ukitaka kukielewa, fikiria papa wa chumvi. Chumvi huingia kwenye nyama polepole, na ukitaka kuitoa sharti umloweke usiku kucha. Ukimtia sufuriani kwa haraka, mchuzi hauliki. Naitrojeni nayo huingia mwilini kidogo kidogo chini ya mgandamizo, na hutaka kutoka kidogo kidogo. Mtu akipanda mbio, au akishuka mara ya tano kabla ya ile ya kwanza kumtoka, inageuka mapovu ndani ya damu, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Hili halijulikani tangu jana. John Scott Haldane, mwanasayansi wa Kiskoti, alilifanyia majaribio kwa niaba ya jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1908 akachapisha majedwali ya namna ya kupanda kwa vituo. Waliotangulia kulipa ada ya elimu hiyo walikuwa mbuzi, waliofungiwa ndani ya chemba na kubanwa kwa hewa. Majedwali ya jeshi la majini la Marekani yanayotumika siku hizi yanasema wazi: mita 18, kaa saa moja hivi, mita 30, dakika 25, ukizidisha, ulipe kwa kusimama njiani. Karatasi moja. Elimu hiyo ilikuwa imeshatimiza zaidi ya nusu karne mzee wangu alipobeba mtungi wake wa kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba ipo. Hata angeambiwa, mshahara wa kuhesabiwa majongoo ungemwamuru aisahau.

Sasa nieleze kazi hii inavyofanywa inapofanywa sawasawa, maana wengi hatujaiona. Kwanza, mitungi ya mgongoni ile ya watalii haipendwi. Mzamiaji huvaa kofia ya chuma au barakoa ya uso mzima, na hewa humjia kutoka juu kwa fungu la mipira na nyaya. Humo mna hewa, mna simu ya kusemea, mna mrija wa kupimia kina, na fungu zima lina nguvu ya kumvuta mtu. Wazungu wameliita kitovu, na jina limelikaa. Mgongoni hubeba mtungi mdogo wa kumtoa hatarini tu, kitovu kikikatika. Juu kuna msimamizi, ambaye hashiki kazi nyingine yoyote: anasikiliza pumzi, anatazama saa, anaandika. Kuna mshika kamba, ambaye kitovu kiko mikononi mwake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na kuna mzamiaji wa akiba, aliyekwisha kuvaa, amekaa juani anatoka jasho, na kazi yake ni kutofanya kazi. Akishuka, ujue mambo yameharibika.

Huyu wa akiba ndiye anayewauma wenye fedha. Anaonekana kama hasara iliyovaa mpira.

Lakini wazo lake ni la kale kuliko kofia ya chuma. Katika uzamiaji wa lulu wa Ghuba, uliodumu mpaka karne iliyopita, kila ghawas aliyeshuka alikuwa na saib wake juu, mvuta kamba, na kati yao kulikuwa na kamba moja. Miongoni mwa waliozamia mle walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu. Biashara ile ilikuwa katili, iliwafunga watu kwa madeni na kuwapasua masikio, na sitaki mtu anisome kana kwamba naisifu. Nasema tu kwamba hata mle, ambamo mtu alikuwa mali, palikuwa na mtu aliyeshika kamba na macho yake yakiwa majini.

Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye gati moja la mwambao huu nikiangalia meli ya mizigo ikisuguliwa tumbo. Mzamiaji alikuwa mmoja. Hewa ilimjia kwa mpira wa bustani kutoka kwenye kompresa ambayo ningeapa ni ile ya kujazia matairi, na kompresa yenyewe ilikuwa ikitoa moshi upande ule ule inakonyonyea. Moshi huo una sumu isiyo na harufu, na kama ilivyo kwa kila kitu, mita kumi chini humfanyia mtu madhara maradufu. Kijana aliyekaa kwenye boti alikuwa ameuzungusha mpira kwenye kidole gumba cha mguu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye simu. Nilimuuliza kama pampu za meli zimezimwa. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayeulizwa habari za bei ya saruji, akasema, “Kaka, hayo ni ya wenye meli.”

Swali la pampu si la udadisi. Meli huvuta maji ya bahari kupoza injini kupitia matundu yenye vyuma vya chujio, na matundu hayo ndiyo yanayoziba, na ndiyo mzamiaji anatumwa kuyasafisha. Penye maji mengi upande mmoja na utupu upande wa pili, bahari hukimbilia kwenye utupu kwa nguvu ambayo macho hayaioni mpaka uwe umeshafika. Chukua tundu la upana wa nusu mita na tofauti ya kina ya mita tano tu kati ya pande mbili: linavuta kwa uzito wa karibu tani moja. Mkono ukikamatwa, hakuna baharia duniani wa kuubandua. Wanaoijua kazi hawaridhiki kuambiwa “tumezima”. Wanataka swichi ipigwe kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa msimamizi mpaka mtu wa mwisho atakapotoka majini. Kufuli la dukani linatosha.

Kisa kinachonikosesha usingizi katika jambo hili ni cha Trinidad. Tarehe 25 Februari 2022, huko Pointe-à-Pierre, wazamiaji watano wa kampuni ya LMCS walikuwa wakitengeneza bomba la mafuta la chini ya bahari la Paria, kampuni ya mafuta inayomilikiwa na serikali. Bomba lilikuwa na upana wa inchi 30, sentimita 76 hivi. Walifanyia kazi ndani ya chumba kikavu kilichofungwa kwenye mdomo wa bomba. Sehemu ya mafuta yaliyokuwa ndani ilikuwa imetolewa siku za nyuma, nafasi ikabaki, na hatari ya mgandamizo kutolingana haikutambuliwa. Kizibo kilipoondolewa, bomba likawafyonza wote watano.

Mmoja alijikokota gizani, ndani ya mafuta, mpaka akarudi mdomoni akatolewa, saa kadhaa baadaye. Akasema wenzake wako hai mle ndani. Wazamiaji wengine walikuwa wamefika, tayari kuingia. Paria ikakataa. Kuingia ni hatari, ilisema, na hawezi kuruhusiwa mtu mwingine. Familia zilikesha nje ya geti. Wale wanne walitolewa baada ya siku kadhaa, maiti. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Jerome Lynch ilipomaliza kazi, ripoti yake iliyotangazwa Januari 2024 ilipendekeza mwendesha mashtaka afikirie kuishtaki Paria yenyewe kwa kosa la kusababisha vifo.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi. Ukimtuma mtu aingie bila kujua shinikizo lililomo ndani ya bomba, huenda ukaongeza maiti ya tano. Hilo ni kweli, na nimetoka kuwatetea wanamaji wa Likoni kwa hoja hiyo hiyo. Tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu iko kwenye saa. Likoni ilikuwa ajali ya ghafla, na waliofika waliikuta imekwisha kutokea. Trinidad ilikuwa kazi iliyopangwa, yenye mkataba, vibali na sahihi. Swali la “wakikwama tutawatoaje?” lilipaswa kujibiwa kabla ya mtu wa kwanza kuvaa. Aliyeshindwa kulijibu asubuhi hana haki ya kuliita usalama jioni. Neno hilo zuri linaweza kuwa kufuli kwenye mlango wa watu walio hai.

Tena hakuna aliyeweza kusema kwamba mtu hawezi kuishi mle. Mei 2013 boti ya kuvutia meli, Jascon-4, ilipinduka pwani ya Nigeria na kukaa mita 30 chini. Wazamiaji walioshuka walitumwa kuokota maiti. Wakaguswa na mkono: mpishi wa boti, aliyekuwa ameishi kwenye kipande cha hewa kwa saa 60 hivi. Kama wangempandisha moja kwa moja kwa furaha, angekufa, kwa kuwa naitrojeni ilikuwa imekwisha kumjaa. Lakini watu wale walikuwa wameletwa na meli yenye kengele ya kuzamia na chemba, vyote kwa ajili yao wenyewe. Wakamvisha kofia, wakamwingiza kwenye kengele, wakamfungia ndani ya chemba zaidi ya siku mbili mpaka mwili ukatulia. Vifaa vya kuwalinda wafanyakazi ndivyo vilivyomwokoa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Bwana yule baadaye akasomea uzamiaji wa kazi, akafuzu. Mimi nisingerudi hata kwenye beseni.

Sisi wa Maziwa Makuu tulishalipia upande mwingine wa elimu hiyo. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, tumbo lake lilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa wakigonga kutoka ndani. Nia ilikuwa njema kabisa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ikatokea tunduni, na meli ikazama.

Wenye fedha nao hawajifunzi kwa hiari. Katika miaka ya mwanzo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, kampuni ziliyafanya majedwali ya kupandia kuwa siri ya biashara, maana anayempandisha mzamiaji upesi ndiye anayemaliza kazi upesi. Wazamiaji wa zamani wakaishtaki Norway, mmoja akiwa na masikio mabovu, mwingine mapafu, mwingine akili isiyotulia. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema nchi ile ilikosea kwa kutohakikisha kwamba watu hao wanapewa habari za hatari waliyokuwa wakiingizwa. Miaka minane baadaye Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikamaliza kesi ya Honduras, ya wazamiaji wa kamba-mti wa jamii ya Miskito, waliokufa au kupooza kwa kushushwa mara nyingi mno siku moja. Nilipousoma mkasa wao nilimwona mzee wangu wa Unguja, magongo na yote. Nchi moja tajiri kupindukia, nyingine maskini, na kosa ni lile lile: wa juu alijua, wa chini hakuambiwa.

Kwetu sheria za jumla zipo. Tanzania Bara ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Zanzibar ya 2005, Kenya ya 2007, na zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Lakini Uingereza tangu 1997, na Afrika Kusini kwa kanuni za 2009, zinakwenda mbali zaidi: zinaizungumzia kazi ya kuzamia yenyewe. Zinataka msimamizi ateuliwe kwa maandishi. Zinataka mzamiaji apimwe na daktari anayeijua kazi hiyo. Na, hili ndilo ninaloliona kubwa, sheria ya Waingereza haimwachii mwenye kazi aondoke akipangusa mikono. Naye anabeba wajibu, yeye aliyeagiza. Ningekuwa na uwezo wa kuiba kifungu kimoja na kukileta gatini kwetu, ningeiba hicho. Yule kijana wa kidole gumba asingeweza tena kusema hayo ni ya wenye meli, na wenye meli wasingeweza kusema hayo ni ya kijana.

Kuhusu mafunzo nitasema kidogo tu. Fukwe zetu zina vijana hodari wenye kadi za kuongoza watalii matumbaweni, na wengi wao wanazijua bahari zetu kuliko mtu yeyote. Kadi ya kwanza ya kitalii hupatikana kwa siku tatu au nne. Inamfundisha mtu kwenda chini kutazama samaki na kurudi salama. Haimfundishi kukata chuma kwa moto wa umeme ndani ya giza, wala kusoma mchoro wa bomba, wala kumwambia meneja wa bandari “leo hatushuki”. Hilo la mwisho ndilo somo gumu, na anayelihitaji zaidi ni msimamizi. Tukipata fedha za kusomesha watu kumi, ningependa watatu wa kwanza wawe wa kubaki juu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona dada mmoja mwenye kampuni ndogo ya kazi za chini ya maji. Nilitaka anisahihishe nilipokosea kuhusu kofia na mipira, akanisahihisha sana. Nilipokuwa naaga akafungua droo, akanionyesha makadirio aliyoyapeleka kwa mteja kwa kazi ya siku tatu ya kukagua nguzo. Kulikuwa na mstari wa msimamizi, mstari wa wazamiaji wawili, mstari wa oksijeni ya dharura, mstari wa gari la kukaa tayari. Mistari miwili ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu: mzamiaji wa akiba na mshika kamba. Pembeni mtu alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri, “Hawa wanafanya nini?”

Nikamuuliza alijibuje. Akasema aliandika ukurasa mzima wa maelezo, akairudisha karatasi bila kupunguza hata shilingi. Kazi alipewa mwingine, mwenye boti, kompresa na vijana wawili.

“Walimaliza salama,” akaniambia, akiirudisha karatasi kwenye droo. “Kwa siku mbili. Sasa mwaka huu wananiambia nishushe bei ilingane na yao.”